Waliopanga Wako Wapi?

Kijiweni kwetu, pale karibu na stendi ya Same, kahawa ya jioni haiishi bila mtu kuhukumiwa. Safari hii walihukumiwa wawili. Wa kwanza ni mwalimu kijana aliyeteremka kutoka shule ya milimani na begi lake, akasema kule harudi. Wa pili ni binti wa mtaani kwetu aliyeolewa kwa mipango ya wazee, naye amerudi kwa mama yake kabla mahari haijamalizwa kulipwa. Wazee wakasonya, vikombe vikagongwa kwenye meza, na wote wawili wakapewa hukumu ileile: vijana wa siku hizi hawavumilii.

Jamani, mimi nakataa. Naheshimu mvi za wazee wangu, lakini hukumu hii nimeisikia mno, na kila nikiisikia namwona mtu mmoja akitoroka kesi bila kuulizwa swali. Naye ni yule aliyepanga.

Hebu tuanze na mwalimu. Shule ile hakuichagua yeye. Aliomba kazi kwa mtandao, akasubiri, mkeka wa ajira, ile orodha ya waliopangiwa vituo, ukatoka, akaliona jina lake na mbele ya jina pameandikwa Halmashauri ya Wilaya ya Same, kisha shule ambayo hajawahi kuisikia maishani mwake. Binti naye ni hivyohivyo. Shangazi alikutana na mama wa kijana kanisani, wakaongea, mshenga akatumwa, barua ya posa ikasomwa sebuleni, kisha binti akaitwa kutoka jikoni akaulizwa mbele ya watu, "Mwanangu, hawa wageni unawafahamu?" Kwenye kiti amekaa baba mkubwa, kwenye mkeka wamekaa mama wadogo, soda zimeshafunguliwa. Mtoto aliyelelewa vizuri atajibu nini pale? Alijibu kama alivyotegemewa kujibu, vigelegele vikapigwa, na watu wazima wakaandika kwenye daftari kwamba binti ameridhia.

Wote wawili wamepangiwa. Na mimi sisemi kupangiwa ni kubaya. Serikali ikimwachia kila mwalimu achague, nani ataenda Tae, Vuje au Chome? Wote watabanana Moshi na Arusha, na mtoto wa mlimani atamaliza darasa la saba hajaonana na mwalimu wa hisabati. Ndoa za kupangwa nazo zimewalea wengi wetu tuliokaa hapa, tena kwa upendo. Ninachouliza ni kingine kabisa: huyu aliyepangiwa akishafika, anapokelewa na nani?

Wengi wanaosema "mwalimu hana uvumilivu" hawajawahi kupanda na godoro. Kijana katoka Mwanza au Mtwara, kashuka kwenye basi Same mjini, kakuta joto na vumbi, nyika inaelekea Mkomazi upande mmoja na milima imesimama upande mwingine. Anaambiwa, kituo chako kiko juu kule. Godoro linafungwa kwenye keria, anabanwa kiti cha nyuma na magunia, kona baada ya kona. Kama ni masika gari linagoma njiani, abiria wanashuka, anayeweza anatembea. Akifika juu, ile baridi ya ukanda wa Shengena, kilele chenye mita 2,462, inampokea akiwa na shuka jepesi la joto la kwao. Watu wanaongea Chasu, wanacheka, hajui wanamcheka yeye au wanacheka mambo yao. Anaonyeshwa chumba. Kufuli limeshika kutu, kioo kimoja cha dirisha kimezibwa kwa boksi la sabuni, simu inatafuta mtandao mpaka chaji inaisha. "Karibu sana, mwalimu." Mlango unafungwa. Mpaka asubuhi hakuna mtu atakayegonga kumuuliza kama amekula.

Kuna upande wa pili wa mlima uleule ambao nimeuona kwa macho yangu. Mwenyekiti wa kitongoji aliposikia mwalimu anapanda, alituma vijana wawili barabarani kupokea godoro. Mama mmoja akaleta makande kwenye sufuria lenye mfuniko, mwingine akatua mzigo wa kuni mlangoni wala hakusubiri kushukuriwa. Ijumaa mzee mmoja akampeleka kwa mwenye mashamba akamwonyesha kipande, akamwambia, "Hapa, mwalimu, ukitaka tangawizi panda." Mshahara ni uleule, baridi ileile, na mtandao huohuo wa kupanda kilimani kuutafuta. Yule mwalimu yuko mpaka leo. Anasalimia kwa Chasu, ana tangawizi shambani, ana mtoto aliyezaliwa palepale. Ukimuuliza kwa nini hajaomba uhamisho, anashangaa swali.

Hapo sasa ndipo ninapowakumbuka wasomi wa saikolojia, maana jambo hili wamelitazama kwa karibu. Mmarekani mmoja, Caryl Rusbult, mwaka 1980 aliandika kuhusu wapenzi: kwa nini mtu anabaki na mwenzake. Mwaka 1981, pamoja na Dan Farrell, akaichukua hesabu ileile akaipima kwa watu walioajiriwa. Mke na mwajiri, mizani moja! Alisema mtu anashikamana kwa mambo matatu: anavyoridhika na anachokipata, kama ana pengine pa kwenda, na alichokwisha kuwekeza ambacho akiondoka anakiacha. Mwalimu wa tangawizi anaridhika na amewekeza. Yule aliyeshuka na begi hakuwa na cha kuacha kule zaidi ya kufuli lenye kutu. Mnataka ashikamane na nini?

Mwaka 1991 wakaja John Meyer na Natalie Allen wa Kanada, wakasema kushikamana na kazi kuna aina tatu. Yuko anayebaki kwa sababu anapenda. Yuko anayebaki kwa sababu akiondoka atapata hasara. Na yuko anayebaki kwa sababu anaona ni wajibu wake, ataonekana vipi akiondoka. Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, nikaona sisi watu wa huku tumelea sana aina ya pili na ya tatu, kazini na nyumbani, halafu tunaziita kwa jina la ile ya kwanza. Mwanamke amekaa kwenye ndoa miaka 20 kwa sababu hana nauli, hana shamba kwa jina lake, na baba yake amekwisha kuila mahari. Siku ya maadhimisho tunasimama tunampigia makofi: mnaona, huyu ndiye mke mvumilivu! Karani amekaa ofisini miaka 15, kila siku anasaini daftari la mahudhurio, anaangalia saa. Anapewa cheti cha mfanyakazi bora.

Rusbult huyohuyo, pamoja na John Martz, mwaka 1995 walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokimbilia nyumba ya hifadhi kwa sababu ya kupigwa. Waliokuwa na mahali hafifu pa kwenda na waliokuwa wamewekeza zaidi ndio waliokuwa wepesi wa kurudi kwa waliowapiga. Mzee wangu, tafadhali lisikilize hilo kabla hujamrudisha binti kwa mumewe na kuku wawili wa suluhu. Kurudi kwake hakutakuambia kama yuko salama.

Lakini ndoa za zamani mbona zilidumu? Swali hilo huulizwa kila mara, na nalijibu kwa heshima. Wazee wanaozisifu wana haki katika jambo moja kubwa: waliopanga hawakuondoka. Binti aliolewa ng'ambo ya bonde. Siku ya gulio kaka yake alipita, akakaa, akanywa maji, akamtazama dada yake usoni. Mama alisikia habari kabla jua halijazama. Mshenga alikuwa mtu mzima wa kijiji kilekile, jina lake limefungwa kwenye ile ndoa, mume akileta ukorofi anaitwa mshenga kwanza aeleze ni mtu gani huyu aliyetuletea. Kwa wengi mahari ililipwa kidogokidogo, kwa hiyo wakwe walikuwa na sababu ya kuonana mwaka hata mwaka. Leo tunapanga ndoa kwa picha za WhatsApp. Binti anaolewa Tegeta au Ngaramtoni, mshenga amelipwa shukrani yake siku ya sendofu na namba kabadilisha. Tumechukua mamlaka ya wazee wa zamani, kazi yao tumeiacha.

Hata huko duniani ushahidi haukai upande mmoja. Mwaka 1982 Usha Gupta na Pushpa Singh waliwapima wanandoa 50 wa Jaipur, India. Waliooana kwa mapenzi walianza wakiwa juu, kisha wakashuka kadiri miaka ilivyoenda. Waliopangiwa walianza chini, wakapanda, baada ya miaka mitano hivi wakawapita. Wazee wa kijiwe chetu wangeusikia utafiti huu wangeagiza kahawa nyingine. Subirini kwanza. Mwaka 1990 Xiaohe Xu na Martin Whyte walitoa matokeo ya wanawake 586 wa Chengdu, China: waliochagua waume wenyewe waliridhika zaidi ya waliopangiwa, na tofauti hiyo haikufutika kwa miaka ya ndoa. Jaipur inasema upendo huja. Chengdu inasema si lazima uje. Mimi ninavyoona, miaka peke yake haimfanyi mtu ampende mume. Inategemea ndani ya hiyo miaka alitendewa nini, na mlangoni aliingia vipi.

Na mlangoni pana sheria, ingawa kijiweni hatuitaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kama muungano wa hiari. Kama mmoja hakuridhia kwa hiari yake, ndoa hiyo kisheria ni batili. Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu, na Julai 2016 mahakama ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamaliza ubishi: msimamo ni uleule. Mtoto wa miaka 15 anaulizwa kama anawafahamu wageni, na soda zimeshafunguliwa! Hiyo haikuwa ridhaa, na mimi sitaki kusikia habari ya mila katika hilo.

Turudi kazini, maana huku nako pana jambo linaloniuma. Mwajiriwa mpya wa serikali huwekwa kwenye majaribio miezi 12 ndipo athibitishwe. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga ya kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki. Katika majaribio hayo anapimwa nani? Mgeni peke yake. Amechelewa, hajui kuandaa azimio la kazi, hachangamki. Mkuu wa kituo hajaziwi fomu na mgeni. Hakuna anayeuliza kama ofisi ilimpa meza, kama fedha ya kujikimu ilifika kwa wakati au alikula kwa mkopo wa dukani, kama kuna mtu aliyemwelekeza. Nyumbani ni hayohayo. Bibi harusi anapimwa tangu alfajiri: ameamka saa ngapi, ugali wake umeiva, amewaamkia wakwe kwa kupiga goti au kwa kusimama. Mawifi wanaleta taarifa. Nani anampima mama mkwe? Nani anampima bwana harusi, kwamba wiki ya kwanza alirudi saa sita usiku?

Inapoharibika ndipo tunakumbuka vikao. Kwa kawaida huwezi kwenda mahakamani kuomba talaka kabla ya kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili unahitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Mgogoro wa kazi nao mara nyingi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanasuluhisha kabla ya kuamua. Ni utaratibu mzuri, siubezi. Shida yake ni kwamba unaanza watu wakiwa wameshatukanana. Mke na mume wanakaa kila mmoja kwenye benchi lake, wazee wa baraza wanasoma barua, mambo ya chumbani yanasemwa mbele ya karani. Usuluhishi niutakao mimi ungefanyika ndoa ikiwa na miezi mitatu, sebuleni, juu ya chai, wakati kosa bado ni dogo na hakuna aliyeandika barua.

Sasa wazee wangu wa kijiweni, niwarudie kidogo, na naomba msinikasirikie. Nyinyi ndio mnaotusimulia Mbiru. Mnatuambia kwa fahari kwamba mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakaja kukaa hapahapa Same, makao ya wilaya, kuikataa kodi iliyokadiriwa juu ya mali zao kwa namna wasiyoikubali. Wanawake nao wakaingia kwenye mapambano. Profesa Isaria Kimambo aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1971. Watu wale hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupangiwa bila kusikilizwa, na mkoloni aliwaambia nendeni nyumbani mkavumilie. Hawakwenda. Mnajivunia babu zenu kwa hilo, basi binti na mwalimu wakisema hatukusikilizwa, mbona mnasonya?

Na sijamtaja dada wa kazi. Huyu amepangiwa kuliko wote. Shangazi yuleyule hodari wa kutafuta wachumba ndiye anayempigia simu rafiki yake wa Dar: "Nina mtoto hapa, mtulivu, anajua kazi." Mtoto anapandishwa basi na mfuko mmoja wa nguo. Mshahara umepatanwa yeye hayupo, na mara nyingine unatumwa kwa mtu mwingine. Akitoroka, tunamwita mwizi kabla hatujauliza alilala wapi.

Wapo vijana wenye kigeugeu, siwatetei. Yupo anayeripoti kituoni, anachukua fedha ya kujikimu, anapotea. Yupo aliyeolewa na mtu mwema akaondoka kwa sababu ya tamaa ya mjini. Darasa linabaki bila mwalimu na mtoto wa kunyonya anabaki bila mama, na hasara hiyo inawaangukia wadogo wasiopanga wala kupangiwa. Ndiyo sababu nalia na jambo hili. Neno "vumilia" limesemwa kwa wote, mwenye kigeugeu na aliyeonewa, bila mtu kwenda kuangalia yupi ni yupi. Kwenda kuangalia kunataka nauli na muda. Kusonya ni bure.

Kwa hiyo nasema na nyinyi mliopanga. Mshenga, ile ndoa uliyoisimamia, nenda ikifikisha miezi mitatu, nenda peke yako, uongee na binti nje ya nyumba, na umuulize mambo ambayo hawezi kuyasema mbele ya wakwe. Mama, mwambie mwanao kabla hajaolewa kwamba kitanda chake bado kipo, na umaanishe. Afisa elimu, panda mlima na walimu wako wapya hata mara moja, ulale kwenye chumba kile chenye boksi dirishani. Mtu akiomba kubadilishana kituo na mwenzake aliye tayari, barua yake isilale kwenye faili mpaka akate tamaa. Wenyeviti wa vitongoji vya Mamba, Mbaga, Suji na kwingineko, kuna walimu na wauguzi watapanda tena kwenu mkeka mwingine ukitoka. Wapokeeni godoro barabarani, na usiku ule wa kwanza apatikane mtu wa kugonga mlango kuuliza kama wamekula.

Na yule mwalimu aliyeshuka na begi bado yuko mjini, amefikia kwa rafiki yake nyuma ya soko. Mpaka naandika haya, aliyempigia simu ni mwanafunzi mmoja tu wa darasa la sita, kwa simu ya baba yake, kumuuliza atarudi lini. Ofisini kwake wanaandaa barua ya utoro. Kabla haijasainiwa, aende mtu mzima mmoja akakae naye amsikilize.